Usiseme Ni Uzee

Katika pwani hii ya kusini, tangu Tiwi na Diani hata Msambweni na Vanga, liko neno moja linalowadhulumu wazee wetu kuliko maneno yote ya matusi. Neno hilo ni "uzee". Mama akiinuka kitini kwa kushika ukuta, tunasema ni uzee. Babu akishindwa kupanda vidaraja viwili vya baraza, tunasema ni uzee. Bibi akiacha kwenda shambani kwa sababu goti limekataa, tunasema ni uzee, kisha tunaendelea na chakula chetu. Neno hilo hutamkwa kwa upole kana kwamba ni faraja, lakini kazi yake ni kazi ya hakimu: hukata shauri, hufunga kesi, na mgonjwa huhukumiwa maumivu ya maisha bila ya kuulizwa lolote.

Nataka kulishitaki neno hilo mbele yako, msomaji. Sitalishitaki kwa hasira peke yake, maana hasira haiponyi goti. Nitaleta hesabu, nitaleta maarifa ya matabibu, na nitaleta habari ya mtu mmoja wa nyumbani kwetu. Ukiisha kusoma, hukumu itakuwa yako.

Kwanza yatupasa kuujua ugonjwa wenyewe. Madaktari huuita osteoathritisi, na sisi twaweza kuuita ugonjwa wa kulika kwa viungo. Mahali mifupa miwili ikutanapo, ncha zake hufunikwa na gegedu, kitu cheupe, laini na chenye kuteleza, kama kile unachokiona mwishoni mwa mfupa wa kuku. Katikati mna ute wa kulainisha. Kwa mtu aliyeshikwa na ugonjwa huu, gegedu hukonda na kukwaruzika. Mfupa ulio chini yake huwa mgumu na kuota vinundu pembeni. Utando wa ndani wa kiungo huvimba. Na misuli ya jirani hudhoofu kwa kuwa mwenyewe anauogopa uchungu na hautumii mguu wake. Lakini angalia: bawaba ya mlango ikilika haina la kufanya ila kungoja kutupwa. Kiungo cha mtu kina uhai. Kila siku hujaribu kujitengeneza, na katika jaribio hilo hupata msaada au kipingamizi kutokana na matendo yetu. Mtu asemaye "goti limekwisha, basi" amelifananisha goti na bawaba, naye amekosea.

Dalili zake si ngumu kuzitambua. Maumivu huja kiungo kinapotumiwa, na hupungua mtu apumzikapo. Asubuhi kiungo huwa kigumu, lakini ugumu huo kwa kawaida hauzidi nusu saa. Mtu wa miaka 45 au zaidi akiwa na dalili hizi, tabibu mwenye ujuzi aweza kuutambua ugonjwa kwa maswali yake na kwa mikono yake, hata pasipo picha ya eksirei.

Hata hivyo, si kila maumivu ya viungo ni ugonjwa huu. Watu wa pwani wanaijua homa ya chikungunya, iletwayo na mbu, ambayo jina lake latokana na lugha ya Kimakonde na lasimulia jinsi mgonjwa anavyokunjika kwa uchungu. Homa hiyo ilitambuliwa kwanza kusini mwa Tanganyika katika miaka ya 1952 na 1953. Ilizuka Lamu na Mombasa mwaka 2004, na Mombasa tena tangu mwisho wa 2017 hata 2018. Kwa hiyo goti likivimba ghafula, likawa la moto, na mwili ukashikwa na homa, hapo pana jambo jingine, na mtu aende hospitali siku ile ile.

Wazee wetu wana jina la zamani la maradhi ya viungo: baridi yabisi. Yabisi ni neno la Kiarabu, maana yake kavu. Matabibu wa kale wa Wayunani na wa Waarabu walizigawa tabia za mwili katika joto na baridi, unyevu na ukavu, nao walifikiri kuwa ugonjwa huingia mizani ya tabia hizo ikipotoka. Jina hilo lilitufikia pamoja na majahazi na vitabu, likakaa. Sina ugomvi na jina la heshima kama hilo. Ugomvi wangu ni na njia linakotupeleka. Aaminiye kuwa goti lake limeingiwa na baridi atatafuta joto: atakandwa kwa maji ya moto, atasuguliwa mafuta ya nazi, atapakwa pilipili. Haya si mabaya. Joto hupunguza uchungu kwa muda, na ule ukali wa pilipili, uitwao kapsaisini, leo hii hutiwa katika malhamu ya magoti inayotumiwa hospitalini. Ubaya huanza pale mgonjwa anapodhani kuwa baridi ikitoka mambo yamekwisha. Baada ya miaka 10 ya kukandwa, misuli ya paja imekwisha nyauka, mwili umenenepa kwa kukaa, na goti limekuwa bovu kuliko siku ya kwanza.

Sasa tuzitazame hesabu, maana neno "uzee" haliogopi kitu kama hesabu. Shirika la Afya Duniani laeleza kuwa mwaka 2019 watu yapata milioni 528 ulimwenguni walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na kwamba idadi hiyo ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 113 tangu mwaka 1990. Goti ndilo linaloongoza, kwa watu milioni 365. Hufuata nyonga na vidole vya mikono. Katika kila wagonjwa 100, 60 ni wanawake. Na katika kila wagonjwa 100, 73 wamepita umri wa miaka 55.

Mtetezi wa neno "uzee" ataruka kwa furaha asikiapo hesabu hii ya mwisho. Atasema: "Hukuona? Wengi wao ni wazee!" Naam, wengi wao. Lakini toa 73 katika 100, msomaji, unipe jibu. Wanabaki 27. Zaidi ya robo ya wagonjwa wote hawajapita miaka 55. Nao ni watu zaidi ya milioni 140, yaani kundi kubwa kuliko watu wote wa Kenya mara mbili. Je, mwalimu wa miaka 45, mgema wa miaka 40, mama mwenye watoto wanaosoma shule ya msingi, nao tuwaambie ni uzee? Tena hata kwa yule wa miaka 80 neno hili si jawabu. Macho huingia mtoto wa jicho kwa sababu ya umri, nasi hatumwambii mzee avumilie giza. Tunampeleka akapasuliwe aone. Kwa nini basi jicho la mzee lina haki ya tabibu, na goti lake halina?

Wengine watasema kuwa goti haliui. Mwaka 2021 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, wakiwauliza watu juu ya maradhi ya viungo. Waliyoyakuta ni yale ambayo kila mwenye macho Kwale ayajua: mwenye viungo vibovu huishi maisha ya dhiki zaidi, hufanya kazi siku chache zaidi, na hutumia fedha nyingi zaidi. Goti haliui kwa siku moja. Huanza kwa kumnyima mtu sokoni, kisha humnyima harusini, kisha matangani, mwisho humweka uani peke yake, akawa mtu wa kuletewa habari.

Hapa nitaleta shahidi wangu. Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa mama karanga huko Msambweni. Alfajiri aliteremka ufuoni kungoja ngalawa, akanunua samaki, akawabeba, akawaparua na kuwakaanga, na jioni akawauza mbele ya nyumba. Kwa kazi hiyo aliwasomesha wanawe, na kwa sehemu fulani alinisomesha mimi. Alipokaribia miaka 50 goti lake la kulia lilianza kumuuma. Tulimwambia nini? Tulimwambia: "Shangazi, umri huo." Mimi nilikuwa kwanza natoka chuo cha ualimu, nimefundishwa kuwafafanulia watoto mwili wa binadamu kwa chaki za rangi, nami niliyatamka maneno hayo hayo kwa kinywa changu.

Kwa kuwa sisi tulimpa uzee, alikwenda kwa waliompa dawa. Palikuwa na mtu akiuza vidonge vya rangi tatu vilivyofungwa katika kikaratasi, bila jina, bila maandishi, na pamoja navyo unga ulioitwa wa mizizi. Aliambiwa kuwa dawa ile hung'oa baridi tangu shinani. Na ajabu, ilifanya kazi! Baada ya siku tatu shangazi alikuwa akitembea kama msichana. Kwa miezi mingi alivinunua vikaratasi hivyo. Uso wake ukajaa, ukawa wa duara, na majirani wakamsifu kuwa amenenepa, amependeza. Nilikwenda kumwamkia sikukuu moja, nikamwona uso ule, na moyo wangu ukaniambia kuwa huo si unono wa chakula. Nilinyamaza. Niliona haya kumhoji mkubwa wangu juu ya dawa yake.

Usiku mmoja alitapika damu. Tulimfikisha hospitali akiwa hajitambui, na kwa rehema ya Mungu na kazi ya wauguzi alirudi nyumbani akiwa hai. Daktari alitueleza kuwa dalili zake zilifanana na za mtu aliyekuwa akila kwa muda mrefu dawa mbili kali bila kujua: moja ya kutuliza uchungu, ambayo hutoboa tumbo, na nyingine ya jamii ya steroidi, ambayo huujaza uso, hupandisha sukari na shinikizo la damu, na huifanya mifupa kuwa dhaifu. Tena dawa hiyo ya pili haiachwi ghafula, kwa kuwa mwili uliouzoesha husahau kujitengenezea yake.

Usidhani kuwa hila hii ni ya vijijini kwetu tu. Katika mwaka 2022 idara ya serikali ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilitoa maonyo zaidi ya mara moja juu ya vidonge vilivyouzwa kwa jina la Artri King, vikisifiwa kuwa ni vya asili na vya kutibu viungo. Vilipopimwa katika maabara vilikutwa na diklofenaki na deksamethasoni, dawa mbili kali ambazo hazikuandikwa popote juu ya chupa. Hii ni jamii ile ile ya dawa ambayo daktari aliishuku katika kikaratasi cha shangazi. Basi shika kanuni hii: dawa ya viungo isiyo na jina, inayoponya kila mtu kwa siku tatu, ina siri ndani yake, na siri hiyo italipwa na tumbo, na figo, au na mifupa yako.

Nimemshitaki asemaye "vumilia", na nimemshitaki auzaye kikaratasi. Wawili hawa huonekana kuwa maadui, lakini ukiwatazama vizuri ni washirika wa biashara moja. Wa kwanza humfukuza mgonjwa mlango wa hospitali. Wa pili humngoja njiani.

Utaniuliza: "Mwalimu, ikiwa haya yote si sawa, tiba ni ipi?" Swali ni la haki. Nitalijibu kwa ukweli, hata pale ukweli usipopendeza. Hakuna dawa inayojulikana leo ya kuliotesha upya gegedu lililokwisha. Atakayekuambia anayo, mwepuke. Lakini kutokuwapo kwa dawa ya kumaliza ugonjwa hakumaanishi kutokuwapo kwa tiba. Kisukari pia hakimalizwi, na watu huishi nacho miaka mingi wakilima na kucheka.

Tiba ya kwanza ni mazoezi. Najua kuwa utashangaa, maana akili ya kawaida husema kiungo kinachouma kipumzishwe. Lakini misuli ya paja ndiyo nguzo za goti. Nguzo zikilegea, paa lote huangukia mfupa. Tangu mwaka 2013 nchini Denmark mpango mmoja umekuwa ukiwafundisha wagonjwa wa magoti na nyonga kwa masomo 2 na vipindi 12 vya mazoezi katika wiki 6, bila kisu na bila sindano, na mpango huo umeigwa katika nchi nyingine kwa kuwa maumivu hupungua na watu hutembea vizuri zaidi. Mazoezi yenyewe hayadai mashine. Mgonjwa akae katika kiti imara, ainuke polepole bila kujisukuma kwa mikono, akae tena polepole, mara 10, apumzike, arudie. Alale chali, aunyoshe mguu mmoja, auinue kiasi cha shubiri mbili, ahesabu hata 5, aushushe. Afanye hivyo siku nyingi za wiki, kwa miezi. Uchungu kidogo wakati wa kufanya si hatari. Ukizidi mno na kukaa hata kesho yake, apunguze, asiache.

Tiba ya pili ni kupunguza uzito kwa aliyezidi. Wachunguzi wa Marekani walipima mwaka 2005 wakaona kuwa kila kilo 1 mtu aipunguzayo huliondolea goti mzigo wa kilo 4 katika kila hatua. Fanya hesabu, kijana. Mama akipunguza kilo 5, kila hatua goti lake linatuliwa mzigo wa kilo 20, sawa na mtungi mmoja wa maji wa lita 20. Je, ni nani kati yetu aonaye mama amebeba mtungi asimpokee? Basi sukari anayoipunguza katika chai, na mahamri mawili anayoyaacha, ni mtungi uliopokewa.

Tiba ya tatu ni dawa, kwa kiasi na kwa ushauri. Mwaka 2022 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba ilishauri kuwa kwa goti ianzwe na dawa ya kutuliza uvimbe ya kupaka, kwa sababu ya kupaka huingia damuni kidogo tu. Ile ya vidonge iliwe kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, tabibu akijua habari za tumbo, figo na moyo wa mgonjwa. Parasetamoli, ambayo sisi huitafuna kama njugu, mwongozo huo hauipendekezi kuwa dawa ya kila siku ya ugonjwa huu, kwa kuwa nafuu yake ni ndogo.

Wako watu ambao hawaamini kitu mpaka waone sindano au kisu. Hao niwape kisa cha kweli. Katika mji wa Houston, Marekani, wagonjwa 180 wa magoti waligawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilisuguliwa goti ndani kwa vyombo vya upasuaji. La pili lilioshwa goti kwa maji. La tatu lilichanjwa ngozi tu, likashonwa, na wenyewe hawakujua. Walifuatwa kwa miaka 2, na matokeo yalitangazwa mwaka 2002: wale waliosuguliwa na kuoshwa hawakuwa na nafuu kuliko wale waliochanjwa ngozi. Ikiwa kisu chaweza kutudanganya hivyo huko kwenye hospitali kubwa, si ajabu chale na kikaratasi kutudanganya huku.

Lakini kisu kingine kina ukweli wake. Mwaka 1962, katika hospitali ya Wrightington nchini Uingereza, daktari John Charnley alianza kubadilisha nyonga zilizokwisha kwa kutia kichwa cha chuma katika kikombe cha plastiki ngumu. Kabla ya hapo alijaribu plastiki ya aina nyingine, ikalika upesi, akakubali kosa lake na kuanza upya. Leo magoti pia hubadilishwa, na hesabu zilizotolewa mwaka 2019 zaonyesha kuwa katika kila magoti 100 ya bandia, 82 hivi yangali yakifanya kazi baada ya miaka 25. Upasuaji huo hufanywa hapa Kenya. Ni wa gharama, nao ni wa yule ambaye njia nyingine zimemshinda. Lakini upo, na mzee ana haki ya kuambiwa kuwa upo.

Sasa nijibu pingamizi moja ambalo nimelisikia mara nyingi, nalo si la kipuuzi. Watu hutazama wageni wakikimbia asubuhi kwenye mchanga wa Diani, wakasema: "Mazoezi ni ya walioshiba. Sisi twalima, twabeba maji, twapanda minazi. Hayo si mazoezi?" Jibu langu ni kwamba kazi na mazoezi si kitu kimoja. Kuchuchumaa na kupiga magoti saa nyingi, na kunyanyua mizigo mizito kila siku, ni katika mambo yanayojulikana kuwa huzidisha ugonjwa wa goti. Mama anayeinama katika mashamba ya mwani huko Kibuyuni, au akaaye juu ya kibao cha mbuzi akikuna nazi huku magoti yamekunjwa, hutumia kiungo kile kile kwa namna ile ile mpaka kichoke. Zoezi huimarisha misuli bila kukiponda kiungo. Hivyo amchekaye mwenye kukimbia ufuoni hajaelewa, na amwambiaye mama mchovu "kimbia" hajaelewa pia. Mama huyu kwanza apunguziwe mzigo, kisha afundishwe kuinuka kitini mara 10.

Wala mzigo huo si wa jamaa peke yao. Tangu mwaka 2013 afya katika Kwale imekuwa mikononi mwa serikali ya kaunti. Msambweni ina hospitali ya rufaa, lakini mzee wa Kinango au wa Lunga Lunga hawezi kuifuata kila wiki kwa goti lisilopanda gari. Mwaka 2023 serikali ya taifa iliwatoa wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, nao hupita nyumba kwa nyumba. Wafundishwe mazoezi ya goti kama wanavyofundishwa kupima shinikizo la damu. Kila zahanati iwe na mtu ajuaye kumtofautisha mgonjwa wa viungo na mgonjwa wa homa. Na wakaguzi wa dawa wavifuate vikaratasi hadi mezani vinakouzwa. Madai haya hayahitaji jengo jipya wala jiwe la msingi. Labda ndiyo sababu hayadaiwi.

Nimebakiza neno kwako, kijana msomaji, usije ukafikiri kuwa habari hii ni ya wengine. Yule anayechanika kano au gegedu la goti uwanjani, aghalabu baada ya miaka 10 hadi 20 hushikwa na ugonjwa huu huu. Wachunguzi wamekadiria kuwa ni nusu ya wanaoumia hivyo. Ukiumia goti likavimba siku ile ile, usifungwe kitambaa ukarudi kucheza kipindi cha pili ili usifiwe ushujaa. Goti la miaka 17 ndilo utakalolitembelea ukiwa na miaka 40.

Na nyumbani yako mambo unayoyaweza bila fedha. Mpokee bibi mtungi. Inua kiti chake kwa vipande vya mbao, na umwinulie na meza ya kukunia nazi. Kama choo ni cha kuchuchumaa, mtengenezee kikalio cha mbao. Mtafutie bakora, umwonyeshe kuishika kwa mkono ulio upande wa mguu mzima, maana wengi huishika upande wa mguu mbovu na hawapati faida yake. Akiona haya ya kushika mkongojo, mwambie kuwa aibu ni ya aliyemwacha atambae.

Shangazi yangu yu hai. Hakaangi tena samaki ufuoni. Huwakaangia nyumbani, ameketi katika kiti kirefu alichochongewa na mwanawe. Kila asubuhi huinuka na kukaa, huinuka na kukaa, akihesabu kwa sauti. Goti lingali likimuuma, naye hasemi uongo kuwa halimuumi. Sala husimama, na inapofika sujudu hukaa kitini, kama dini ilivyomruhusu. Lakini alikuja harusini mwaka jana kwa miguu yake, na aliniambia neno moja ambalo sijalisahau: "Mwanangu, ningeambiwa hivi tangu mwanzo." Sikuwa na la kumjibu. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale ambao wangemwambia.

Leo jioni utakaporudi nyumbani, yuko mtu atakayeshika ukuta ili ainuke. Ulimi wako utataka kusema lile neno. Uzuie. Badala yake muulize: "Wapi panauma, na tangu lini?" Kisha keti umsikilize mpaka amalize.